Cú Chulainn: Jina, Fidia na Mwiko

Cú Chulainn ndiye shujaa mkuu wa masimulizi ya jadi ya Ulster, kaskazini mwa Ireland, yaliyohifadhiwa katika miswada kama Kitabu cha Leinster cha karne ya 12. Jina lake la kuzaliwa ni Sétanta. Mama yake, Deichtine, alikuwa nduguye Mfalme Conchobar.

Inasimuliwa kwamba mhunzi Culann alimwandalia mfalme karamu. Akidhani wageni wote wamekwisha kuwasili, alimfungua mbwa wake wa ulinzi. Sétanta, angali mtoto, alichelewa. Mbwa akamvamia, naye akamuua. Culann alisikitika, kwani mbwa huyo ndiye aliyelinda mifugo na mali yake. Mtoto akaahidi kumlea mbwa mchanga wa uzao uleule, na kulilinda boma yeye mwenyewe hadi mbwa huyo akue. Hapo kuhani Cathbad akampa jina Cú Chulainn, yaani mbwa wa Culann. Katika Kiayalandi cha kale, neno cú lilitumika pia kumsifu askari shupavu. Hivyo jina hilo lilibeba fidia na heshima pamoja.

Jina lilileta pia mwiko: asile nyama ya mbwa, somo wake. Mwiko mwingine ulimkataza kupita penye meko bila kula. Siku ya vita yake ya mwisho, alikuta njiani vikongwe watatu wakibanika mbwa. Miiko ikagongana, akala, na mkono wake ukapoteza nguvu. Alipochomwa mkuki, alijifunga kwenye nguzo ya jiwe ili afe akiwa wima. Ahadi ya utotoni ilikuwa imedai uhai wake.