Charles Clark: Jaji aliyepigania mnyonge asikilizwe

MJINI New York, miaka ya 1940, mfanyabiashara mmoja aliyeagiza bidhaa kutoka Italia alimshitaki mkuu wa forodha. Alidai mali yake ilipigwa mnada isivyo halali na makasha mawili yakatoweka. Hakuwa na wakili na Kiingereza kilimpiga chenga. Hati ya madai aliyoiandika mwenyewe ilitupwa. Akaiandika upya, ikatupwa tena.

Rufani ilipofika mbele ya Jaji Charles Clark na wenzake mwaka 1944, Clark aliandika hukumu kwamba dai hilo linaeleweka, hivyo mtu huyo asikilizwe. Kanuni aliyoitegemea ilitoka katika kalamu yake mwenyewe.

Clark alizaliwa mwaka 1889 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Yale na mwaka 1929 akawa mkuu wa kitivo hicho. Wakati huo mahakama za shirikisho zilifuata utaratibu wa jimbo zilimo katika kesi nyingi za madai. Wakili akivuka mpaka wa jimbo aligeuka mgeni.

Mwaka 1934 Bunge liliipa Mahakama ya Juu madaraka ya kutunga kanuni za aina moja kwa nchi nzima. Mwaka uliofuata iliundwa kamati ya mawakili na walimu wa sheria, Clark akiwa mwandishi wake mkuu. Rasimu zilisambazwa kwa mawakili na majaji wazikosoe, zikarekebishwa, Mahakama ikazipitisha na kuzipeleka bungeni. Bunge halikuzizuia. Septemba 16, 1938, kanuni 86 zilianza kutumika. Sasa mdai alitakiwa kueleza dai lake kwa ufupi na kwa lugha nyepesi tu.

Clark aliteuliwa kuwa jaji mwaka 1939, lakini aliendelea kuzipitia kanuni hizo. Mapendekezo ya kamati ya mwaka 1955 yaliwekwa kando na mwaka 1956 Mahakama ikaivunja kamati. Mwaka 1958 Bunge lilikabidhi kazi hiyo kwa baraza la majaji. Clark alifariki dunia Desemba 1963.

Mwaka 2007 na 2009 Mahakama ya Juu ilikaza masharti ya hati za madai kwa hukumu zake tu, bila rasimu kupita kwa mawakili.

Mfanyabiashara yule hatimaye alishindwa kesi. Lakini alishindwa baada ya kusikilizwa.