Bizimu za Viatu

Soma Zaburi 34:18, Warumi 3:25, Wagalatia 6:2.

William Cowper alizaliwa Uingereza mwaka 1731, mtoto wa mchungaji. Alipokuwa na miaka sita mama yake alifariki, siku chache baada ya kujifungua. Akapelekwa shule ya bweni, na huko kijana mkubwa, wa miaka kama kumi na mitano, akamtesa kwa siri. William alimwogopa kiasi cha kutothubutu kumwinulia macho. Alipokuja kuandika habari za maisha yake, alieleza kwamba alimjua mtesi huyo kwa bizimu za viatu vyake kuliko kwa vazi lake lingine lolote.

Hofu hufanya hivyo katika kumbukumbu. Hushika kitu kidogo kilichokuwa mbele ya macho na kuyaacha mengine. Kwa hiyo mtu aliyeumizwa akisimulia kwa mapengo, tusiharakishe kumwita mwongo.

Mwaka 1763 Cowper alivunjika kabisa, akajaribu kujiua. Akapelekwa St Albans kwa Dkt. Nathaniel Cotton, aliyemtunza kwa upole. Huko, mwaka 1764, aliifungua Biblia kwenye Warumi 3:25, na tumaini likamjia. Lakini mwaka 1773 giza lilirudi, akaamini kwamba Mungu amemkataa. John Newton, mchungaji wa Olney, hakumkemea kwamba imani yake ni haba. Alimpokea nyumbani kwake, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1779 wakatoa kitabu cha nyimbo zao, ambazo baadhi zinaimbwa makanisani hata leo.

Mwaka 1790 binamu yake alimpelekea picha ya mama yake. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, lakini Cowper aliibusu, akaitundika mahali ambapo angeiona mwisho usiku na kwanza asubuhi. Upendo nao huacha alama isiyofutika.

Cowper alifariki mwaka 1800 bila furaha yake kurejea. Hata hivyo, hisia zake hazikuwa kipimo cha neema ya Mungu. Majeraha mengine huponywa kikamilifu siku ile tu Bwana atakapokuja.

Kwa Mjadala: Je, yuko mtu katika darasa lenu anayebeba jeraha la utotoni? Mtafanya nini ili apate kwenu kile ambacho Cowper alikipata kwa Newton?