Livingstone na mikoko ya Ruvuma

David Livingstone, mmisionari na tabibu aliyezaliwa Scotland mwaka 1813, alitafuta katika mto Ruvuma njia ya kuingia bara. Mwaka 1862 aliupanda kwa mashua hadi mawe yakamzuia. Machi 1866 alirudi akitokea Unguja na ngamia, punda na nyati wa kufugwa, apate kujua kama wangestahimili mbung'o. Mlangoni mwa mto, mikoko na tope vilimzuia kuwashusha, akaelekea Mikindani. Wanyama hao walidhoofika na kufa safarini. Mwenyewe alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Kilichokuwa kikwazo kwake ni ghala kwa wavuvi wa Mtwara. Majani ya mikoko, yaliyojengwa kwa nguvu ya jua, huanguka topeni. Kaa huyala, bakteria huyaozesha, na naitrojeni iliyomo hurudi kulisha miti na viumbe vya majini. Humo hukulia kamba na samaki wachanga. Mikoko ikimalizwa kwa kuni na boriti, nyavu nazo hupungukiwa. Tangu mwaka 2000 eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.