Walimsukuma kando akikaribia miaka 70, akawasha tanuri lake

Wewe ambaye nyumbani bado wanakuuliza utarudi chuo lini, vuta kiti. Mimi niliulizwa tena Jumapili, nikajifungia chumbani na simu, nikaishia kusoma maisha ya fundi mmoja wa vioo anayeitwa Frederick Carder. Manze, sikulala mapema.

Carder alizaliwa 1863 huko Staffordshire, Uingereza, eneo la viwanda vya vyungu na vioo. Akiwa na miaka 14 aliacha shule, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha vyungu cha familia yao. Lakini usidhani aliacha kusoma. Jioni alikuwa darasani akijifunza uchoraji na sayansi. Kisha akaona nakala ya Portland Vase, chombo cha kioo cha Warumi wa kale, iliyochongwa na John Northwood kwa miaka kama mitatu. Tangu hapo vyungu havikumkalia tena. Mwaka 1880 Northwood alimsaidia kuingia kampuni ya vioo ya Stevens & Williams, akakaa huko zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1903 akahamia mji wa Corning, New York, akaanzisha Steuben Glass Works pamoja na Thomas Hawkes. Kioo chake cha Aurene, kinachong'aa kama dhahabu iliyomwagiwa mafuta, kilimpa jina. Halafu ukaja 1918. Vita vilikuwa vimebana malighafi, Steuben ikauzwa kwa jirani yake mkubwa, Corning Glass Works. Mwaka huo huo mwanawe Cyril akauawa vitani Ufaransa.

Mwaka 1932, uchumi ukiwa umelala, wakubwa wakamtoa kwenye usukani wa Steuben. Walimpa cheo kingine cha usanifu pale Corning, ile heshima ya kumwonyesha mtu mlango polepole. Kampuni ikageukia kioo kisicho na rangi, yaani kila kitu alichokipenda kikawa cha zamani. Wewe ungefanya nini? Mimi ningenuna mwaka mzima.

Yeye alijitengea karakana ndogo yenye tanuri na akaanza kazi ya kuyeyusha kioo ndani ya kalibu. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo utamu ulipo. Kwanza unachonga umbo kwa nta. Unalifunika kwa mchanganyiko wa plasta unaostahimili moto, ukikauka unapasha moto hadi nta inayeyuka na kutoka, ndani linabaki pengo lenye umbo lile lile. Pengo hilo unalijaza vipande vya kioo, na unaongeza vingine juu, kwa sababu vikiyeyuka vinashuka na kujaza nafasi za hewa. Saizi ya vipande si jambo dogo. Ukiviponda viwe kama sukari, hewa nyingi inanaswa katikati na kioo kinatoka na ukungu. Vikiwa mabonge, kinatoka angavu zaidi.

Kisha subira. Kioo kikipoa haraka, nje kinaganda kabla ya ndani, kinajivuta chenyewe na kupasuka, wakati mwingine ukiwa tayari umekishika mkononi. Kwa hiyo tanuri linashushwa joto polepole, kwa siku kadhaa kama kitu ni kinene. Mwisho unavunja kalibu. Ndiyo, unaivunja! Kama kosa liko ndani, unarudi kwenye nta.

Kwa njia hiyo alifuata kitu ambacho mafundi wengi hawangethubutu: vikombe vya aina ya diatreta. Warumi walivitengeneza kwa kuchonga kioo kinene hadi kikombe kikabaki ndani ya wavu wa kioo, vikishikana kwa vijiti vidogo tu. Carder alitaka kikombe na wavu vitoke tanurini pamoja. Sasa fikiria kutoa plasta iliyokwama kati ya wavu na kikombe, kidogo kidogo, bila kuvunja hata kijiti kimoja. Mkono ukitetemeka, wiki nzima imeenda. Alikuwa akifanya hivyo miaka ya 1940 na 1950, mzee wa zaidi ya miaka 80, kwenye kampuni ile ile iliyomsogeza kando.

Karakana aliifunga 1959, akiwa na miaka 96. Akafariki Desemba 10, 1963, akiwa ametimiza miaka 100, siku mbili tu kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa. Vikombe vyake vya wavu viko kwenye makumbusho ya vioo pale Corning. Tafuta picha moja, uikuze kwenye simu, kisha utazame zile nafasi ndogo kati ya wavu na kikombe.