Chifu Abdallah Fundikira: Kiti hakikumfunga mdomo

Ndugu msomaji, kila unapokaribia uchaguzi, uwe wa diwani, wa mbunge au wa kamati ya msikiti, tunaambiwa tuchague mtu mwaminifu. Ni usia mwema. Lakini uaminifu huo tunaupima kwa kitu gani? Mara nyingi tunaupima kwa namna mtu anavyoingia katika uongozi: ametoka ukoo gani, amesoma wapi, ametoa nini siku ya maulidi. Ni wachache wanaouliza mtu huyo atatokaje. Mimi nimekuwa nikiamini kwamba mlango wa kutokea ndio unaomweleza kiongozi zaidi kuliko mlango wa kuingilia. Kwa ajili hiyo leo nataka tumkumbuke mtu mmoja wa mkoa wetu wa Tabora, Chifu Abdallah Said Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe.

Nafundisha maarifa ya Uislamu hapa Urambo. Vijana wa hapa ukiwauliza shujaa wao ni nani watakujibu kwa sauti moja kuwa ni Mirambo, na wana haki, kwa sababu hata jina la mji wetu limetokana naye. Watakueleza jinsi alivyoufunga msafara wa biashara kuanzia mwaka 1871, akapigana na Waarabu wa Tabora pamoja na washirika wao wa Unyanyembe, na kwamba alifariki mwaka 1884 akiwa bwana wa njia ya kwenda Ujiji. Ukiwauliza Fundikira ni nani, wengi wanakutazama tu. Wanaolijua jina hilo wanalijua kama jina la upande wa pili, la watu wa Unyanyembe waliokuwa mahasimu wa Mirambo. Kwa hiyo isishangaze sana mtu wa Urambo kumwandika mtu wa Itetemia. Haki haina mpaka wa utemi.

Ili tumwelewe Chifu Abdallah, kwanza tukitazame kiti alichokirithi. Unyanyembe ndipo zilipokutana njia kuu za misafara: moja kutoka Bagamoyo, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Mtemi wa hapo alikaa juu ya mali nyingi, na mali ina wenyewe. Mtemi Mnywa Sele alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu, waliungana dhidi yake, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele alipigana nao kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Baadaye akaja Isike, mtoto wa Mkasiwa. Huyu aliwakatalia Wajerumani, na Januari 1893 walipoivunja boma yake aliona bora kuilipua baruti kuliko kutekwa. Kwa hiyo kiti hicho kilikwishashuhudia mmoja akiondolewa kwa nguvu na mwingine akifa nacho. Kilichokuwa hakijaonekana ni mtu wa kiti hicho kuondoka madarakani kwa miguu yake mwenyewe kwa ajili ya rai yake.

Abdallah alizaliwa tarehe 2 Februari 1921. Alisoma Tabora, katika shule ile ya serikali iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu, kisha akaenda Makerere nchini Uganda, akachukua masomo ya kilimo. Alifanya kazi ya serikali katika kilimo, na baadaye akaenda Uingereza kuendelea na masomo hayo katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwa Mwislamu wa Tanganyika wa zama zile hili halikuwa jambo dogo. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wa Kiislamu waliofika elimu ya juu walikuwa wa kuhesabika.

Katika miaka hiyo, hapa Urambo ulikuwa ukitokea mkasa ambao kila kiongozi angefaa kuujua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika sehemu tatu za Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yaliletwa, miti ikang'olewa, mashamba yakapimwa. Kilichosahaulika ni kuwauliza wenyeji, watu wanaojua mvua inakuja lini na udongo unakuwaje unapokauka. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kula takriban paundi milioni 36. Huo ni uongozi wa watu wasiochaguliwa na wale wanaowaongoza. Kosa lao halikulipiwa na wao, lililipiwa na walipa kodi wa mbali, na ardhi ikabaki kwetu.

Mwaka 1957 Abdallah alikalia kiti cha utemi wa Unyanyembe. Angeweza kutulia hapo. Chini ya utawala wa Mwingereza chifu alikuwa na mshahara, baraza, mahakama yake na heshima ya bwana mkubwa wa wilaya. Isitoshe, watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa, na machifu walihesabiwa humo. Chifu mwenye kupenda usalama wake alijua la kufanya: kunyamaza.

Lakini Januari 1958 TANU ilikutana Tabora mjini, katika mkutano ule ambao historia imeuita wa uamuzi wa busara. Hoja ilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague wagombea watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na mwenye haki ya kupiga kura awe na masharti ya kipato, elimu au cheo. Wengi waliona ni dhulma na wakataka chama kisusie. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake cha African National Congress.

Uchaguzi ulipofika Septemba mwaka huo huo wa 1958, katika Jimbo la Magharibi aliyesimama kwa kuungwa mkono na TANU ni Chifu Abdallah Fundikira. Hebu tulitafakari jambo hili. Mtemi, ambaye kwa mila watu humpigia magoti, anakubali jina lake liwekwe kwenye karatasi ili mkulima, karani na mwalimu waamue wanamtaka au hawamtaki. Utemi alikuwa nao tayari. Alichokwenda kukitafuta ni ridhaa ya watu, kitu ambacho hakirithiwi. Alishinda, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria pamoja na wenzake wa awamu ile ya kwanza, akiwamo Nyerere mwenyewe.

Mwaka 1959 Gavana Turnbull alipowaingiza wajumbe wa kuchaguliwa katika serikali, Fundikira alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kupewa uwaziri, akakabidhiwa ardhi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1960, ambao TANU ilipata viti 70 kati ya 71, alihamia katika mambo ya sheria. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Waziri wa Sheria alikuwa huyu mtoto wa Unyanyembe.

Sasa tufike kwenye mlango wa kutokea. Mwaka 1963 yalikutana mambo mawili. La kwanza, serikali ilifuta utawala wa machifu. Tuseme kweli, hoja za kuufuta zilikuwapo. Chifu mmoja alikuwa mtoza kodi, hakimu na mtawala kwa pamoja, na mkoloni aliwatumia wengi wao kuwakandamiza raia. Lakini kwa Fundikira jambo hilo lilikuwa la nyumbani. Alikuwa ameisaidia kuizaa serikali ambayo sasa ilikuwa inalifuta jina la babu zake katika sheria.

La pili ndilo zito zaidi. Januari 1963 uongozi wa TANU uliamua nchi iende kwenye mfumo wa chama kimoja. Ndani ya chumba cha serikali wengi walilikubali hilo, na wengine huenda walilikubali kwa midomo tu. Fundikira hakulikubali. Hakuafikiana na mwelekeo wa siasa uliokuwa ukichukuliwa, na mwaka huo huo akatoka serikalini. Hapakuwa na maandamano wala damu. Ni mtu mzima aliyekuwa na uwaziri wa nchi changa, gari, nyumba na jina, akaona dhamiri yake haiendi na kiti chake, akakiacha kiti.

Ndugu msomaji, wapo wanaosema alikuwa na kinyongo cha utemi, kwamba aliyekatwa mizizi lazima apige kelele. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani nia ya mtu anaijua Mola wake. Lakini tuitazame kwa mizani. Kama tatizo lake lilikuwa cheo, njia ya kulinda cheo ilikuwa wazi, nayo ni kubaki. Wapo machifu waliobaki, wakapewa ukuu wa mikoa, ubalozi na uenyekiti wa mashirika, na si aibu kwao. Kiti cha waziri kilikuwa kikubwa kuliko kiti chochote ambacho utemi ungeweza kumpa. Mwenye uchu wa madaraka hakiachi kikubwa kwa kulilia kidogo.

Na wala hakugeuka adui wa nchi yake. Hakwenda msituni, hakutafuta bunduki. Alitumika baadaye katika mambo ya Afrika Mashariki, akaongoza bodi ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, shirika lililokuwa mali ya nchi tatu. Mwaka 1965 katiba ya chama kimoja ilipitishwa, na kwa miaka mingi jina lake likapotea katika magazeti.

Angeweza kuishia hapo, akawa mzee anayekumbukwa kwa kususa. Lakini mwaka 1991 upepo ulipogeuka duniani, na Rais Mwinyi alipokuwa ameunda Tume ya Jaji Nyalali kukusanya maoni, ilifanyika semina Dar es Salaam mwezi Juni ya watu waliotaka mageuzi ya katiba. Walipotafuta mwenyekiti wa kamati yao walimchagua Fundikira, mzee wa miaka 70. Miongoni mwao walikuwamo mawakili na wanaharakati walio na umri wa kuwa watoto wake. Nadhani sababu haihitaji kutafutwa mbali. Wengi wakati ule walikuwa wamegundua ubaya wa chama kimoja baada ya kuwa si hatari tena kuugundua. Huyu aliugundua ulipokuwa na gharama.

Tume ya Nyalali iliona kuwa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walipenda chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi kwa kujali haki ya wale wachache. Mwaka 1992 katiba ikabadilishwa. Rai iliyomtoa Fundikira serikalini miaka 29 nyuma ikawa sheria ya nchi. Yeye mwenyewe aliongoza chama cha UMD. Chama hicho hakikukua, na baadaye mzee alirejea CCM. Wapo waliomlaumu kwa hilo, nami sitaki kulificha, maana sisi hatuandiki habari za malaika. Lakini haki ya kutoka na haki ya kurudi ni kitu kimoja. Alichokidai mwaka 1963 hakikuwa kwamba TANU ni mbaya. Alidai mtu awe na hiari.

Alifariki tarehe 6 Agosti 2007, akiwa na umri wa miaka 86.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu sisi Waislamu wa mijini tuna maradhi yetu. Tunamsema diwani asiyewasikiliza watu, tunamsema mwenyekiti wa chama cha msingi anayeshikilia mzani wa tumbaku kama urithi wa baba yake. Kisha tunaingia msikitini tunamkuta mwenyekiti wa kamati ambaye hajasoma hesabu mbele ya waumini kwa miaka kumi, na akiulizwa anasema anayeuliza analeta fitina. Madrasa haina choo, mwalimu hajalipwa, lakini kiti kina mwenyewe. Misikiti ya namna hiyo naijua, sitaitaja.

Dini yetu imetufundisha kwamba uongozi ni amana, na kwamba siku ya Kiyama utakuwa majuto kwa aliyeuchukua bila kuutekelezea haki yake. Tunalisoma hilo darasani na watoto wanalikariri vizuri. Lakini amana maana yake ni kitu cha mtu mwingine ulichokishika wewe. Mwenye amana za watu haoni ajabu kuzirudisha. Anayeona ajabu huyo keshazifanya zake.

Kwa hiyo safari ijayo mtu atakapokuja kuomba kura yako, ya wilaya au ya msikiti, muulize mipango yake, ni haki yako. Kisha muulize swali moja zaidi: ni jambo gani ukilazimishwa kulifanya utakiacha kiti hiki? Kama hana jibu, basi kiti ndicho kitakachomwongoza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Chifu Abdallah Fundikira, amsamehe makosa yake, na atupe viongozi wanaojua kuingia na kutoka. Amin.