Aryabhata, Mwanafalaki Aliyeihesabu Mizunguko ya Dunia

Wasomaji wa toleo hili wanafahamu kwamba sikukuu zetu hazifuati kalenda ya ofisini. Hufuata panchanga, kalenda ya kidini inayokwenda na mwendo wa jua na mwezi, ndiyo maana Diwali huangukia usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Majirani zetu Waislamu, ambao nao huungojea mwezi mwandamo, hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Katika maadhimisho haya tumeona inafaa kumkumbuka mmoja wa mabingwa walioipa elimu hiyo misingi ya hesabu. Jina lake wengi wamelisikia, kwani ndilo lililopewa setilaiti ya kwanza ya India, iliyorushwa tarehe 19 Aprili 1975.

Aryabhata alizaliwa mwaka 476. Habari muhimu kuliko zote za maisha yake ametuachia mwenyewe: aliandika kwamba ilipotimia miaka 3,600 ya zama za Kali, yeye alikuwa na umri wa miaka 23. Kwa hesabu yetu ya leo huo ni mwaka 499. Alitaja pia mji wa Kusumapura, ambao wafafanuzi wa kale waliutambua kuwa ni Pataliputra, yaani Patna ya sasa, kando ya mto Ganga. Basi.

Kitabu chake, Aryabhatiya, kina beti 121 tu. Katika zama ambapo elimu ilihifadhiwa kwa moyo, aliibana kiasi kwamba hata tarakimu ndefu aliziandika kwa silabi, ili mwanafunzi azikariri kama maneno. Alianza kwa kumtukuza Brahma, kisha akaingia kazini. Alisema kwamba duara lenye kipenyo cha 20,000 lina mzingo wa 62,832, uwiano ambao sisi tunauandika 3.1416, na akaeleza wazi kuwa hilo ni kadirio. Tunaipenda tahadhari hiyo kwa kijana wa umri ule.

Kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi, masimulizi yaliyoenea yalisema kwamba Rahu ndiye anayevimeza. Aryabhata alifundisha kwamba mwezi huingia katika kivuli cha dunia, na jua hufunikwa na mwezi, kisha akatoa kanuni za kukokotoa ukubwa wa kivuli na muda wa tukio. Mahekalu yanayofunga milango wakati wa kupatwa huijua saa ya kufunga kwa hesabu za namna hiyo, hata pale Rahu anapoendelea kutajwa.

Lakini fundisho lililomletea upinzani mkubwa zaidi lilihusu dunia yenyewe. Alisema kwamba nyota hazikimbii kwenda magharibi. Dunia ndiyo inayojizungusha kwenda mashariki. Alitoa mfano wa msafiri aliye chomboni, anayeona vitu vya ukingoni vikirudi nyuma ilhali ni chombo kinachosonga mbele. Mfano huo unasifiwa sana. Sisi tunaona ujasiri zaidi katika tarakimu: ndani ya orodha ya mizunguko ya jua, mwezi na sayari, aliiweka na dunia, akaipa mizunguko 1,582,237,500 katika miaka 4,320,000. Ukigawanya, mzunguko mmoja unachukua saa 23, dakika 56 na sekunde 4, sawasawa na vipimo vya leo. Mwaka wake ulizidi ule wa kweli kwa dakika tatu hivi tu.

Mwaka 628 Brahmagupta, naye mwanafalaki mkubwa, alimpinga vikali. Ikiwa dunia inazunguka, aliuliza, mbona vitu virefu vilivyosimama juu yake havianguki? Lilikuwa swali la haki, na jibu kamili lilihitaji elimu ya mwendo ambayo ilikuja zaidi ya miaka elfu moja baadaye.

Kilichoumiza zaidi kilitoka kwa watu wake mwenyewe. Wataalamu wa India ya kale waliigawa siku katika pumzi 21,600, na duara la mbingu katika sehemu 21,600. Aryabhata aliandika kwamba kwa kila pumzi moja dunia hugeuka sehemu moja. Wafafanuzi wa baadaye, waliomheshimu na kutumia hesabu zake katika kalenda zao, hawakuweza kulikubali jambo hilo. Wakabadili neno moja fupi: bhuh, dunia, likasomwa bham, nyota. Beti ikabaki na mizani yake, na dunia ikasimama.

Neno la asili halikupotea. Brahmagupta, ili amkosoe, alikuwa ameyanukuu maneno ya Aryabhata jinsi yalivyokuwa, na ndani ya lawama zake neno bhuh limo hadi leo.