Vasili Oshchepkov, mutoto wa kisiwa cha makaa



Jioni, wakati tunapanda kutoka kazini, tunakutana na vijana wetu wanaenda mazoezi, koti jeupe la judo limekunjwa begani, mushipi umefungwa juu yake. Baba mmoja alituuliza kama ile mambo ya kuangushana inaweza kumusaidia mutoto wa mufanyakazi kitu gani. Hatukumujibu siku ile. Leo tunamujibu kwa habari ya Vasili Oshchepkov, Mrusi aliyekufa mwaka 1937. Na tunaanza kwao, sababu kwao kunafanana na kwetu.

Sakhalini ni kisiwa kirefu, upande wa mashariki kabisa wa Urusi, karibu na Japani. Baridi ni kali, bahari inaganda. Mfalme wa Urusi alikifanya kisiwa hiki buloko moja kubwa: watu waliohukumiwa walipelekwa huko na minyororo, na wengi wakatumwa kuchimba makaa ya mawe kule Due. Mwandishi Anton Chekhov alifika huko mwaka 1890 akaandika kitabu kizima. Alikuta wafungwa wanakokota makaa kwa kutambaa mu njia ndogo za gizani, na kampuni ya watu binafsi inapata faida, sababu serikali njo iliyokuwa inaipa wafanyakazi. Sisi tuliposoma hii hatukuhitaji mutu wa kutuelezea.

Mu kisiwa hicho, Januari 1893, mama mmoja mufungwa, Maria Oshchepkova, alizaa mutoto mwanaume. Baba na mama hawakuwa na ndoa ya kanisa, kwa hiyo mutoto aliandikwa kama mutoto wa nje. Alipofika miaka 11 alikuwa yatima, hana baba wala mama. Fikirini yatima wa wafungwa, mu kisiwa cha wafungwa, na wakati ule vita imeshika kati ya Urusi na Japani. Ile vita Urusi ilishindwa mwaka 1905, na nusu ya kusini ya Sakhalini ikachukuliwa na Wajapani.

Njia ilifunguka kutokea upande ambao hakuna mutu angeutazamia. Mu mji wa Tokyo kulikuwa na Askofu Mrusi, Nikolai, aliyekaa Japani miaka mingi. Hata wakati wa vita hakukimbia, alibaki na waumini wake Wajapani. Alikuwa na seminari, na humo walianza kupokea vijana Warusi wasome lugha ya Kijapani, ili jeshi la Urusi lipate wakalimani. Vasili alipelekwa Japani mwaka 1907, akiwa na miaka 14. Tuseme wazi: hawakumutuma kwa huruma tupu. Walikuwa na haja naye. Lakini mutoto alikula, alivaa, alisoma, na ile njo ilikuwa bahati ya kwanza ya maisha yake.

Kule shuleni, judo ilikuwa mu masomo kama vile kwetu kuna soka. Mchezo huu ulianzishwa na mwalimu Kano Jigoro, aliyechukua mafundisho ya zamani ya wapiganaji wa Japani, akatoa yale ya kuua na kuvunja, akapanga yaliyobaki iwe elimu ya mwili na ya akili. Mwaka 1882 alifungua chuo chake, Kodokan. Oktoba 1911 kijana wa Sakhalini aliingia mulango wa chuo hicho.

Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu watu wanafikiri judo ni kumuangusha mwingine. Hapana. Kitu cha kwanza unachofundishwa ni kuanguka. Siku nyingi ni kuanguka tu: nyuma, upande, mbele. Kidevu kinashikwa kifuani ili kichwa kisigonge chini, na mukono unapiga mukeka kwa nguvu ili uzito usiende wote ku mugongo. Unaanguka, unasimama, unaanguka tena. Kijana mwenye kiburi anachoka na kurudi nyumbani. Yule wa Sakhalini hakurudi, na tunafikiri tunajua sababu: alikuwa ameanguka tangu kuzaliwa, sasa kwa mara ya kwanza mutu alikuwa anamufundisha namna ya kuanguka bila kuvunjika.

Kisha unafundishwa kuvunja usawa wa mwenzako. Husukumani naye kama mbuzi. Akikusukuma, unamuvuta. Akikuvuta, unaingia kwake. Nguvu yake yenyewe njo inamuangusha. Mutu mudogo anaweza kumupitisha mukubwa juu ya mabega, na mchimbaji aliyewahi kusogeza jiwe kubwa na fimbo ya chuma anaelewa hesabu hiyo bila kalamu. Kodokan ilikuwa pia na desturi ya mazoezi ya wakati wa baridi: siku 30 za baridi kali, alfajiri, juu ya mikeka ya barafu. Miguu bila viatu.

Na alikuwa mugeni. Mrusi, miaka michache tu nyuma ya vita ambayo ilizika watu wengi wa pande zote mbili. Hatufikiri kama kila mutu juu ya ile mikeka alimushika kwa upole. Lakini ku judo ushipi hautolewi kwa uso wa mutu. Juni 1913, mwaka aliomaliza seminari, walimupa mushipi mweusi, Mrusi wa kwanza kuupata. Mwaka 1917 alirudi kufanya mutihani, akapanda ngazi ya pili. Wazungu waliofika hapo wakati ule walikuwa wachache sana.

Mwaka 1914 alikuwa amesharudi Urusi, mu bandari ya Vladivostok, na alianza kufundisha judo huko. Alikuwa mukalimani wa jeshi, na mwaka 1917 aliita wanafunzi kutoka Japani waje kushindana na vijana wake. Kisha mapinduzi yakaja, na vita ya wenyewe kwa wenyewe, na Wajapani wakaingiza jeshi mashariki ya Urusi. Oshchepkov alifanya kazi ya siri kwa upande wa serikali mpya ya Soviet. Alirudi Sakhalini kwake, iliyokuwa mu mikono ya Wajapani, akijifanya mutu wa sinema. Mchana alionyesha filamu kwa askari, usiku aliandika alichoona. Baadaye alitumwa mpaka Tokyo. Mwaka 1926 waliita arudi. Hatutaongeza sana hapo, kazi ya upelelezi haina mashahidi wengi. Tunalotaka mulishike ni moja: ile elimu ya Japani aliitumia kwa nchi yake.

Kufikia mwaka 1930 alikuwa Moscow, anafundisha askari, na baadaye wanafunzi wa chuo kikubwa cha michezo. Hapo njo alifanya kazi yake kubwa. Hakuiga judo kama kasuku. Alibadilisha nguo: koti likabaki, suruali ndefu ikawa fupi, miguu ikavaa viatu. Aliondoa maneno ya Kijapani ambayo mufanyakazi wa Moscow hakuyaelewa. Aliangalia mieleka ya makabila mengine, akachukua mishiko iliyofaa. Kidogo kidogo mchezo mwingine ulizaliwa, ule ambao leo dunia inauita sambo, jina lililokatwa kutoka maneno ya Kirusi yanayosema kujilinda bila silaha.

Basi, mwaka 1937. Serikali ya Stalin ilikuwa inatafuta maadui kila nyumba, na mutu aliyewahi kukaa Japani alikuwa na dosie tayari. Mwanzo wa Oktoba, usiku, walikuja kumuchukua. Walimushitaki kuwa mpelelezi wa Japani, yeye aliyewapeleleza Wajapani kwa ajili yao. Siku ya 10 ya mwezi huo alikufa mu gereza la Butyrka. Wakaandika kama ni moyo. Alikuwa na miaka 44.

Kisha wakafanya kitu ambacho sisi wa sendika tunakijua: walitoa jina lake kwenye liste. Novemba 1938, mwaka mmoja na mwezi nyuma ya kifo chake, serikali ilikubali mchezo ule kama mchezo wa nchi nzima. Walioutukuza walikuwa wanafunzi wake mwenyewe, wa kwanza akiwa Anatoli Kharlampiev, mutu mwenye akili na bidii, aliyeukuza kweli. Lakini kwa miaka mingi ilisemwa kama sambo imetoka paka mu mieleka ya watu wa Soviet, wala hakuna Japani ndani yake, wala Oshchepkov. Hatumuhukumu Kharlampiev kwa haraka. Kutaja jina la adui wa taifa wakati ule kulikuwa kujichimbia shimo. Tena, kama angelitaja, labda mchezo wenyewe ungefungwa. Sisi wenyewe tulibishana juu ya hii karibu usiku muzima, na hatukusikilizana. Mmoja wetu, ambaye zamani alifutwa kazi na kampuni ambayo hatutaitaja, na ekipe yake ikaendelea kutumia namna ya kufunga miti aliyowafundisha, alisema kama kunyamaza mwaka 1938 anaweza kusamehe, lakini kunyamaza miaka 20 baadaye hapana.

Sababu mwaka 1957 serikali ilimusafisha. Mjane wake, Anna, alikuwa bado hai. Ilitangazwa kama hakuwa na kosa. Barua ya kusafisha mutu ilitoka, lakini vitabu vya sambo havikuandikwa upya siku ile. Ilichukua miaka mingine mingi mpaka watu wa historia ya michezo wakafukua makaratasi ya Kodokan na ya Moscow, wakaweka jina pahali pake.

Katikati ya kimya hicho kuna jambo moja tunalipenda. Mwaka 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na judo iliingia mara ya kwanza. Soviet ilituma vijana waliokomaa mu sambo. Wajapani walishangaa mishiko yao, walivyoshika koti, walivyovunja usawa kwa njia isiyo ya Kodokan. Walirudi na medali 4 za shaba. Zilipatikana mu mji uleule ambamo yatima wa kisiwa cha makaa alifundishwa kuanguka, na hawa vijana wengi wao hawakujua kama yeye njo babu yao.

Yule baba aliyetuuliza, mutoto wake ana miaka 12. Mazoezi ni siku ya pili na ya ine jioni. Koti wanaazimana.